Maziko ya Nta ya Kapteni Goulven

Plymouth, Uingereza
9 Novemba 1782

Dada yangu Barba,

Upepo wa leo unatoka kwenu. Nimeufungulia dirisha asubuhi, ukaingia na harufu ya majani ya bahari yanayokauka juani, nikajua kisiwa bado kipo na nyinyi mpo. Mama hajambo? Na yule kondoo jike mweusi anayevunja ua kwenda kula kabeji za Padri, bado yu hai, au mmekwisha kumwoka? Shangazi Fant naye, bado analalamika kwamba watu wote wamemsahau, huku amekaa katikati yao?

Mimi ni mzima. Nimeona nilitangulize hilo, maana najua habari mbaya haingoji upepo. Manowari yangu, Mvumilivu, haipo tena. Iliwaka kisha ikazama mwezi wa Juni, mbali sana magharibi, baada ya kupigana mchana kutwa na meli mbili za Waingereza. Wengi wa watu wangu wamekwenda nayo. Mimi waliniopoa, wakanileta huku, na homa ikanilaza muda mrefu hata nikasahau majina ya miezi. Sasa ni mateka, lakini mateka anayepewa supu. Ni mbaya, lakini ni supu.

Siku hizi nalala sana. Nikifumba macho, dari inakuwa sitaha, na sitaha inakuwa ile sakafu ya nyumbani kwetu iliyopigiliwa mbao za meli zilizovunjika. Naiona siku niliyopewa Mvumilivu. Unakumbuka? Mtoto wa wavuvi wa kisiwa cha Ouessant, mvaa koti la buluu asiye na ukoo wala ngome, kupewa manowari ya Mfalme wa Ufaransa! Wale wa koti jekundu, wana wa mabwana wakubwa, walinitazama kama mbwa aliyeketi mezani. Nikaja mbio kumwambia mama. Yeye akasema, "Kubwa au ndogo, meli ni ubao tu," akaendelea kumenya vitunguu. Nilikasirika siku ile. Sasa nikikumbuka nacheka peke yangu, na mlinzi ananichungulia.

Yapo na mambo mengine, lakini ni madogo, yatangoja. Na mwandiko huu usikushangaze. Kalamu za Waingereza ni mbovu kama supu yao.

Mwambie mama nipo.

Kaka yako,
Goulven


Ouessant
2 Februari 1783

Kaka,

Sijui nikusalimu au nikuombee. Barua yako imefika jana kwa mashua ya bandari ya Le Conquet, nami nimeshinda nayo mapajani kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Sisi hatujambo. Kondoo mweusi yu hai, na Padri amejenga ukuta. Shangazi Fant ameota jino, anasema ni la pili tangu afikishe sabini, na hakuna anayethubutu kumwambia afungue kinywa tuone.

Sasa kaa chini, kama hujakaa. Kaka, tumekuzika.

Habari ilikuja Oktoba: Mvumilivu imezama, hakuna aliyepona. Jioni hiyo mama alikuwa anakata mkate. Baba yako wa ubatizo, Mzee Tudi, akagonga dirisha kwa fimbo, kama desturi ilivyo, na kabla hajafungua mdomo mama akaweka kisu chini. "Ni Goulven," akasema. Mzee Tudi akajibu, "Leo kuna maziko ya nta kwako, maskini wangu."

Basi tukakufanyia yote. Nilitandika mezani kitambaa cheupe cha mama, kile anachojifunga kichwani Jumapili, na juu yake tukalaza msalaba wa nta, mdogo kama kidole cha mtoto. Huo ndio ulikuwa wewe, badala ya mwili ambao bahari haikuurudisha. Mama akawasha mshumaa wa kwanza, tukakesha nawe hadi alfajiri. Shangazi Fant alilia kuliko wote na kula kuliko wote, kufa kufaana. Akasimulia tena jinsi ulivyotia mkono kwenye mabonge ya udongo na nyasi yanayowaka, palipofukiwa chungu, ili uibe nyama ya kondoo, ukaungua, ukakataa kulia mpaka umeze. Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Asubuhi Mzee Tudi akakubeba mpaka kanisani, Padri akakuweka kwenye kile kisanduku cha ukutani cha misalaba ya waliopotea baharini, kulia kwa baba, karibu na kaka zetu Yann na Herve. Ulikuwa na maziko mazuri, kaka. Natamani ungeyaona.

Nimemsomea mama barua yako mara mbili. Hakutikisika. Akaniomba aishike. Unajua hajui kusoma, lakini aliitazama muda mrefu, kisha akanirudishia. "Huyu si mwanangu," akasema. "Mwandiko wa Goulven ulisimama wima kama wanaume mbele ya altare. Huu umelalia upande mmoja kama walevi wanaotoka vilabuni Lampaul."

Nami nimeliona hilo. Usinidanganye kwa habari za kalamu. Nani ameandika barua hii?

Barba


Brest
30 Mei 1783

Barba mpenzi,

Amani imetiwa saini, wameturudisha, na niko Brest tangu Pasaka. Poleni na baridi, nasikia ilikuwa kali. Mwambie Shangazi Fant nimefurahi kwamba maziko yangu yalimshibisha.

Nimesoma barua yako nikiwa juu ya ukuta wa bandari, na ukungu ulikuwa umeingia hata sikuona meli, ila vilele vya milingoti vikielea juu bila kitu chini. Kwa kitambo nilifikiri pengine ninyi ndio mna haki. Pengine nimekufa kweli na hapa ndipo tunapongojea hukumu. Halafu mtu mmoja akaniuzia samaki kwa bei ya wizi, nikajua bado niko duniani.

Yapo ya furaha. Baraza la jeshi la majini limechunguza habari ya Mvumilivu na kusema nilipigana inavyostahili. Wananipa meli nyingine, Barba: Mshindi, ya mizinga sabini na minne, iende visiwa vya sukari. Hakuna mvaa buluu aliyewahi kupewa meli ya namna hiyo katika bandari hii. Nimepanda nikatembea sitaha yake peke yangu, nikagusa kila mzinga, kama mwehu.

Lakini kuna hili. Nilitaka vijana wa kwetu kwa ajili ya milingoti, maana nani anapanda kamba kama mtu wa Ouessant? Wakaletwa gatini. Waliponiona, nimejitanda joho kwa ajili ya ukungu, wakapiga ishara ya msalaba, wakarudi nyuma. Mmoja wao, mtoto wa yule mtengeneza mapipa, akanijibu kwa adabu zote: "Utusamehe, Kapteni. Mimi nilikula mkate wa matanga yako. Hatupandi meli na marehemu." Jioni walikuwa wametoweka. Naweza kuwaburura kwa sheria ya Mfalme, lakini baharia aliyeburutwa hufunga fundo la kuburutwa. Na sasa habari imeenea. Bandari nzima inaniita Kapteni Marehemu. Wa koti jekundu wanauliza kwa sauti ya upole iwapo mtu ambaye kisiwa chake kinamkimbia anafaa kuongoza wengine. Nisipopata mabaharia ifikapo sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwishoni mwa Septemba, Mshindi itapewa mtoto wa bwana mmoja ambaye hajui upepo unatoka wapi mpaka kofia yake ianguke.

Nakuomba nenda kwa Padri. Autoe ule msalaba kisandukuni. Ukitoka, watajua mimi ni mzima.

Kaka yako mzima kabisa,
Goulven


Ouessant
20 Juni 1783

Kaka,

Shayiri imechanua, mashamba yote yamekuwa ya fedha upepo ukipita. Mama ana afya kuliko mimi. Salamu zako nimezifikisha kwa kila mtu, na kila mtu amezipokea kwa kupiga ishara ya msalaba.

Nilikwenda kwa Padri. Ananiambia aliyewasha mshumaa wa kwanza ndiye peke yake anayeweza kuomba msalaba utoke. Kwa hiyo nikaenda kwa mama. Nilimkuta shambani analima huku anaimba. Kaka, mama anaimba! Umewahi kumsikia mama akiimba?

"Mama, Goulven yuko Brest."

"Goulven yuko kanisani, kulia kwa baba yake."

"Watu wa kwetu wamemwona kwa macho."

"Na walipomwona walifanya nini?"

"Walikimbia."

"Basi wana akili. Shika jembe hilo, usisimame bure."

Nikashika jembe, lakini sikunyamaza, unanijua. Nikamwambia habari za Mshindi, na Mtakatifu Mikaeli, na yule mwenye kofia. Akaacha kulima. Akaniambia, "Sikiliza, Barba. Miaka yote hii, upepo ukivuma naamka. Niliamka kwa ajili ya baba yako, nikamzika. Nikaamka kwa ajili ya Yann, nikamzika. Kisha Herve. Kisha Goulven. Sasa sina mtu baharini. Upepo kwangu ni upepo tu, nageuka upande wa pili nalala. Unataka nianze tena?"

Nikasema, "Lakini yu hai!"

"Akiwa hai, ndiyo vibaya zaidi. Mtu huzikwa kwa nta mara moja tu. Akirudi majini akizama, tutamzika kwa kitu gani? Atazunguka nje ya mlango huu, anagonga, na mimi ndani sina la kumpa."

Nikaendelea kulima kando yake.

Ila nina swali kwako wewe. Kutoka Brest mpaka hapa ni safari ya mchana mmoja upepo ukiwa mzuri. Umekaa hapo tangu Pasaka. Unaniandikia mimi, unamtuma Padri, unamtuma kila mtu. Mbona huji mwenyewe? Maiti gani huyu mwoga! Ungesimama mlangoni, mama akakuona, maneno yote yangekwisha. Na mwandiko wako bado umelewa.

Naudhika kwa sababu nakupenda, usifikiri vinginevyo.

Barba


Brest
14 Agosti 1783

Dada yangu,

Salamu nyingi. Nimeanza barua hii mara nyingi, nikaitupa motoni kila mara.

Mwandiko ni wangu, ila mkono ni mwingine. Mkono wa kulia hauko. Risasi ya mzinga iliuchukua hapo juu, karibu na bega, wakati Mvumilivu bado haijashika moto. Sikusikia maumivu kwanza. Niliuona ukienda, Barba, ukapita juu ya ukingo wa meli, na nikafikiri kwa utulivu kabisa, "Ule mkono naufahamu." Kisha bahari ikaufunika. Nilijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto huko Plymouth, kama mtoto, na ulimi umetoka nje.

Hiyo ndiyo sababu sijaja. Kupigwa mizinga siogopi, nimezoea. Naogopa mama anitazame hapa, penye mkono mtupu wa koti unaopeperuka. Ule mkono aliupaka siagi yeye mwenyewe nilipoungua, akanishika usiku kucha nisiukune.

Nikuambie ndoto yangu, halafu usimwambie mtu. Naota nimelala mezani, juu ya kitambaa cheupe. Nimekuwa mdogo sana, na kuna joto zuri la mishumaa. Nawasikia wote. Nasikia Shangazi Fant akitafuna. Mama yuko karibu, pumzi yake inanifikia, na nataka kumwambia nipo, lakini mimi ni nta, nikisema nitayeyuka. Ndipo namsikia anavyopumua polepole, kama mtu aliyetua mzigo mzito kileleni mwa mlima. Nanyamaza nisimwamshe. Naamka nikiwa na huzuni na raha pamoja, sijui ipi ni ipi.

Ulipoandika kwamba anaimba, nikajua ndoto ni ya kweli. Nani mimi nije kumvunjia usingizi? Umri wangu wote nimeishi nikitaka meli kubwa zaidi ya niliyo nayo. Naitaka Mshindi mpaka mdomo unanikauka, siwezi kukuficha. Lakini sitamwomba tena. Aichukue mwenye kofia. Mwache mama alale.

Goulven


Ouessant
7 Septemba 1783

Kaka yangu,

Leo sina salamu, nitazitoa mwishoni zikibaki.

Ulisema nisimwambie mtu, nami nimemsomea mama barua nzima, neno kwa neno, na ndoto pia. Unigombeze ukija.

Alikuwa amekaa karibu na moto. Niliposoma habari ya mkono, akanizuia.

"Mkono upi?"

"Wa kulia, mama."

"Wenye kovu la nyama?"

"Ndio huo."

"Wameuzika wapi?"

"Hawakuuzika. Bahari imeuchukua."

Akautazama moto mpaka chungu kikaanza kuungua, wala hakuna aliyekiondoa. Nilidhani analia. Kumbe anafikiri. Akasema polepole, "Kwa hiyo kuna kitu cha mwanangu kilichopotea majini bila kaburi."

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tulikesha Oktoba tukazika kitu cha mwanangu kilichopotea majini."

Nikamtazama, mdomo wazi.

"Hatukukosea, Barba," akasema. "Tulizika mkono."

Akainuka, akajifunga kile kitambaa cheupe, na Jumapili iliyopita baada ya Misa akasimama mlangoni pa kanisa, yeye asiyependa kusema mbele za watu, akawatangazia wote. Msalaba hautoki, akasema, uko mahali pake, ni wa mkono wa kulia wa Goulven, na mkono umepumzika kwa amani. Goulven mwenyewe hajazikwa bado, na asiyetaka kupanda meli yake atafute sababu nyingine. Mzee Tudi alivua kofia. Shangazi Fant akauliza iwapo, kwa mkono tu, kulikuwa na haja ya kuchinja kondoo mzima usiku ule wa matanga. Mama akamwambia afunge mdomo wenye jino lake jipya. Kaka, nilicheka na kulia mpaka nikakaa chini kwenye nyasi.

Kisha tukiwa njiani kurudi akanishika mkono, jambo asilolifanya. "Mwandikie aje," akasema. "Aje kabla ya kwenda. Nataka kuona palipobaki."

Hakusema usiende. Ndiyo maana wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Salamu zimebaki. Zipokee zote.

Barba


Kwenye Mshindi, gati la Brest
18 Oktoba 1783

Barba,

Tunang'oa nanga kesho maji yakijaa. Nimerudi kutoka kwenu salama, na mkate wa mama umeliwa kabla sijafika Brest, mabaharia wakinisaidia.

Ulikuwepo, umeona, lakini acha nikuandikie ili nami niwe nayo. Alivyonitazama mlangoni, asinikumbatie. Alivyoushika mkono mtupu wa koti la Mfalme, akaupima, akasema, "Huu unapigwa na upepo bure." Akachukua sindano na uzi wa yule kondoo mweusi, akaukata, akaupinda, akaushona penye bega, na mimi nimesimama kama kijana anayepimwa nguo ya komunyo. Uzi ulipokwisha akaukata kwa meno, na shavu lake likagusa bega langu kwa kitambo kirefu kuliko ilivyohitajika.

Vijana wa kwetu wamekuja, wote. Yule mtoto wa mtengeneza mapipa aliutazama ule uzi mweusi akacheka: "Huyo kondoo namjua. Alikula kabeji za Padri." Akapanda. Wa koti jekundu nao wanauliza ni fundi gani wa Paris aliyeshona vibaya hivyo. Nawaambia ni mtu ambaye hawawezi kumlipa.

Naandika chini ya mlingoti, kengele ikipigwa, ukungu ni mwingi, na mbele yangu naona mashamba ya shayiri badala ya maji. Niambie jambo moja tu, na uniambie kweli. Mama analala?

Goulven


Ouessant
3 Novemba 1783

Kaka,

Barua hii naituma nisijue itakukuta wapi. Sote tu wazima. Kondoo mweusi ana mimba, Padri amekata tamaa na kabeji.

Uliniuliza kweli, nakupa kweli. Upepo uligeuka juzi, ukavuma kutoka magharibi mpaka vyombo vikacheza kabatini. Nilipoamka nikamkuta mama amekaa dirishani, shali mabegani, mikono imeshika kingo. Nilikasirika. Nikamwambia, "Mama, ulikuwa umezoea kulala. Ulikuwa unaimba. Rudi kitandani, wee mama!"

Akanigeukia, kaka, na uso wake ulikuwa umechoka na una nuru, sijauona hivyo tangu tukiwa wadogo.

"Nitalalaje, mwanangu?" akasema. "Nina mtoto baharini."

Barba